Studio moja ya mu komini Kenya, Lubumbashi: balinirudishia papa na kovu yake

Nilimuahidi mama kama nitaandika juu ya hii studio, basi njo naandika leo, na itakuwa mrefu ju mambo yenyewe iko mingi. Kwa benye habaishi huku: Kenya yenye nasema ni komini ya hapa Lubumbashi, haiko ile inchi ya Nairobi. Ukitoka ku soko ya Kenya unaingia mu ka barabara kamoja ka vumbi, unapita bafundi ba viatu, kisha unaona kibao cheupe chenye balichora kamera na masini ya kuandika. Ndani kuko muzee mumoja mwenye kupita miaka 65, na binti yake. Banafanya bintu tatu: kutengeneza foto ya zamani, kuhamisha kaseti ya video mu fulashi na kuifanyia montaji (kukata na kuunganisha picha), na kupiga masini karatasi ya batu na kuisahihisha. Mi nilienda na zote tatu, ju tulikuwa tunatayarisha misa ya mwaka mumoja ya kifo cha papa (baba yangu), na mama alitaka foto kubwa ya kuweka mbele, filme ya kuonyesha bajukuu, na ile kaye (daftari) ya papa ipigwe masini ili kila mutoto apate yake.

Kwanza niseme yenye ilinipata mbele ya kufika kwa huyu muzee, ju bila hiyo hamutaelewa sababu namusifu hivi. Foto ya zamani yenye papa anaonekana vizuri tuko nayo moja tu, ya mwaka 1974, amesimama na mama mbele ya nyumba, shati nyeupe na tai. Ilikunjwa katikati, maji iliingia ku kona, mende balikula pembeni. Niliipeleka ku studio ingine kule mu mji, sitataja jina, kijana akaikamata na telefone, akaipitisha mu programu ya akili bandia, dakika tano, dolare tatu, imeisha. Palepale niliona imekuwa safi sana, nikafurahi, nikalipa. Nikafika nyumbani, nikamuonyesha mama. Mama aliiangalia muda murefu, akaigeuza akaangalia nyuma, akaigeuza tena, akaniuliza: "Mwanangu, huyu bwana ni nani?"

Papa alikuwa na kovu juu ya jicho ya kushoto, alianguka ku mwembe akingali mutoto. Ile programu ilitosha kovu, yaani iliifuta. Ilimuongezea nywele, ikamupa ngozi laini na nyeupe kidogo sawa ya batu ba ku matangazo, na meno! Mu ile foto papa alifunga kinywa, yeye hakupendaka kucheka mbele ya kamera, lakini programu ilimufungua midomo ikamutilia meno yenye haikuwa yake. Mama alilia. Mi pia nililia, ju nilikuwa karibu sana kuitosha kubwa na kuiweka mu kanisa, batu bote basimame baombee mutu mwenye hatumujue.

Jirani mumoja njo alituambia juu ya ule muzee wa Kenya. Nilifika na foto mu kitambaa. Hakuishika mbio, alinawa mikono kwanza, akapanguza, akaiweka ku meza chini ya taa, akaniambia, "Mama, mbele nianze unijibu: nani kwenu anajua sura ya huyu papa kunipita mimi? Na muko na foto ingine, hata ndogo, hata mbaya?" Nikasema mama yangu njo anamujua, na kuko foto ya karte moja ya kazi, ndogo sawa kidole. Akasema lete mama, lete na karte, bila hiyo sianzi. Nilikasirika kidogo ndani ya roho ju taksi ya kwenda na kurudi si bure, lakini kesho yake nilirudi na mama, na ile siku tulikaa pale karibu saa mbili, na nilijifunza mambo yenye sikufikiriaka maisha yangu yote.

Foto aliipitisha ku skanere kwa nukta 600 kila inchi ya kipimo. Kisha akaweka ile ya kwanza mu dosie yake peke yake na akasema hii sitaigusa, hata kama inchi inapinduka. Kazi yote anaifanya juu ya kopi. Na mu ile kopi pia haichori juu ya foto yenyewe, anatumika na "kushi", yaani safu. Alimuelezea mama hivi: ni sawa unalalisha plastiki safi juu ya foto, unachora ku plastiki, ukikosea unatosha plastiki, foto iko chini salama. Mama alielewa lubilo kunipita. Kumbe hata hizi safu haikuwako tangu mwanzo. Photoshop, programu ya kutengeneza foto, ilianza kuuzishwa mwaka 1990, ilitengenezwa na bandugu babili ba Marekani, Thomas na John Knoll, mumoja alikuwa anasoma ku Chuo Kikuu cha Michigan na mwingine anatumika mu kampani ya filme, na safu ilikuya paka mwaka 1994. Na mpaka 1998 ungeweza kurudi nyuma hatua moja tu. Yaani ukipaka vibaya mara mbili, imeisha, ile ya kwanza umeipoteza. Binti ya muzee njo alituambia hizi, yeye alisoma mambo ya picha, na anapenda kueleza, muache tu aongee.

Aliniambia na ingine yenye ilinigusa. Mwaka 1957 kule Marekani mutu anaitwa Russell Kirsch alifanya foto ya kwanza kabisa kuingia mu ordinatere (kompyuta) kwa skanere. Ilikuwa na nukta 176 kwa 176, ndogo sana. Na unajua ilikuwa foto ya nini? Mutoto wake, wa miezi tatu. Nilifikiria hiyo njia yote mu taksi. Masini ya kwanza yenye iliona picha iliona mutoto wa mutu, na leo mi naleta papa ya mutu.

Sasa muzee mwenyewe. Nyuma ya ordinatere kuko kintu ya mbao imeinama sawa meza ya kuandikia, katikati kioo chenye haikionyeshi vizuri, chini kioo ya kurudisha mwangaza. Nilimuuliza ni ya nini. Alifurahi, naona batu habamuulizake tena. Ni meza ya retushi (kugusagusa foto ili kasoro ipotee) ya negatifu (ile filme yenye banatoshea foto), aliirithi kwa mujomba wake mwenye alikuwa na studio miaka ya zamani na alimufundisha kazi akiwa kijana. Unaweka negatifu pale, mwangaza inapita chini, unakamata kreyo (penseli) yenye umeichonga na karatasi ya msasa mpaka inakuwa kali sawa sindano, na unagusa, unagusa, bila kukandamiza. Ju ni negatifu mambo iko kinyume: penye unatia kreyo, ku foto inakuwa nyeupe zaidi, na penye unakwangua na wembe, ku foto inakuwa nyeusi zaidi. Kasoro ya ngozi ya mutu, kunja ya chini ya macho, yote ilitengenezwa vile. Na kama foto yenyewe iko na kadoa keupe, unakamata burashi yenye nywele mbili tatu na wino, unajaza. Mu Ulaya hii kazi ni ya zamani sana, tangu 1855 mupiga foto mumoja wa München, Franz Hanfstaengl, alionyesha mu Paris negatifu yenye aliitengeneza, foto mbele ya retushi na nyuma ya retushi, batu balishangaa.

Nikamuuliza, papa, basi zamani pia mulikuwa munadanganya? Hakukasirika. Alisema (nakumbuka vizuri): "Kreyo ilikuwa inachosha mukono. Ulikuwa unadanganya kidogo ju ulikuwa unachoka. Sasa haichoshi, njo inabidi wewe mwenyewe ujisimamishe." Hii neno niliiweka mu kichwa.

Na tuseme kweli, kuko bale benye habakuchoka. Binti alituonyesha mu telefone ile foto ya Stalin, mutawala wa Umoja wa Kisovieti, ku mufereji wa Moscow, pembeni yake Nikolai Yezhov, mukubwa wa polisi ya siri. Yezhov aliuawa 1940, kisha foto ikatoka tena, Stalin anatembea peke yake na pembeni yake ni maji tu. Balimutosha na mikono, hakukuwa ordinatere. Mama aliiangalia akafunga mikono ku kifua. Na mwaka 1982 gazeti ya Marekani National Geographic ilisogeza piramidi ya Misri ziingie mu ukurasa wa mbele ju foto ilikuwa imelala na bao banataka isimame, na batu balikasirika sana, na piramidi ni mawe, haiko hata mutu! Sasa fikiria kovu ya papa.

Lakini siamini kama montaji yote ni uongo, na huku kwetu tuko na mufano mukubwa. Sammy Baloji, mwana wa Lubumbashi, mu 2006 alifanya foto yake ya kuunganisha: alitosha bantu mu foto nyeusi na nyeupe ya wakati ya Bakoloni, bafanyakazi ba mu migodi, akabasimamisha mbele ya masini na majengo ya leo yenye imeharibika. Ukiangalia unaona wazi penye ameunganisha, ile ya zamani haina rangi, ya leo iko na rangi. Hakuficha mushono. Na inasema kweli kupita foto mingi yenye haikuguswa. Muzee anazijua hizi, alisema anaziheshimu sana, na mi naona hata yeye anatumika na ile roho, ju yeye pia hafichi mushono. Nitaeleza.

Siku ya kuchukua, foto ilikuwa mu anvelopi, na nyuma ya anvelopi aliandika na mukono, nakopi hapa vile iko: "Nimetosha mukunjo wa katikati. Nimejaza kona ya chini kwa kufuatisha ukuta. Kipande cha bega ya kuume kilikuwa kimeliwa, nimekirudisha kwa kuangalia bega ya kushoto. Uso sikugusa, isipokuwa madoa mawili ya maji ku shavu." Na sahihi yake. Uso sikugusa! Kovu iko pale. Kinywa kimefungwa. Mama aliipokea mu mikono mbili akasema tu, "Njo yeye." Hakusema ingine mpaka nyumbani.

Kuhusu rangi niseme kidogo. Binti alipendekeza kutupa na kopi ya rangi, ordinatere inaweza kukisia. Walijaribu mbele yetu: programu ilifanya kikwembe ya mama kuwa bluu. Mama akasema hapana, ilikuwa kijani na maua ya manjano, niliipewa na mukwe wangu, nitaisahauje. Kumbe ile programu haijue rangi, inachagua yenye inaonekana mara mingi mu foto zingine, na mu foto nyeusi na nyeupe kijani na bluu zinaweza kuwa kijivu kilekile. Zamani pia balipakaka rangi na mikono, muzee mwenyewe alifanya, lakini alikuwa anauliza mwenye nguo. Basi balikaa na mama wakatafuta ile kijani mpaka ikapatikana, karibu nusu saa, "hapana, ya giza kidogo, hapana, rudisha". Hiyo kopi tuliitosha ndogo kwa mama peke yake. Mu kanisa tuliweka nyeusi na nyeupe.

Sasa kaseti. Ilikuwa VHS ya harusi ya yaya (ndugu yangu mukubwa), mwaka 1989, saa tatu mzima. Nilidhani ni kuitia tu mu masini na kuhamisha. Hapana. Kwanza aliifungua kuangalia kama iko na ukungu, ju ukungu unaenda kubandika ku kichwa cha masini na unaharibu hata kaseti ya batu bengine. Yetu ilikuwa na kidogo pembeni, aliipanguza polepole. Kisha alitia, ikaonekana, lakini nyeusi na nyeupe, na mi nakumbuka vizuri harusi ilikuwa na rangi! Nilianza kusema kaseti imekufa. Binti akacheka, akasema haikufa, ilirekodiwa mu SECAM, ule mufumo wa rangi ya Ufaransa wenye telly ya Zaire ilitumika nao, na ile masini yenye iko mezani inasoma PAL, mufumo mwingine. Ukisoma SECAM mu PAL rangi inapotea. Akatosha masini ingine chini ya meza, nzito, akatia: ile rangi yote ikarudi, na tantine mwenye alikufa 1997 akapita mbele ya kamera na sahani ya bukari akicheka. Sikuwa tayari.

Kwa hiyo bandugu, muko na kaseti yenye inaonyesha nyeusi na nyeupe, musitupe! Uliza kwanza SECAM.

Kuhamisha hakuna njia ya mukato, kaseti ya saa tatu inakula saa tatu, na binti anakaa pale anaangalia ju kichwa kikichafuka inabidi asimamishe. Kisha montaji. Mama alitaka dakika 40. Binti alipokuwa akikata alikuwa anatueleza vile kazi yenyewe ilikuwaka. Mwanzo filme ilikatwa na makasi na kuunganishwa na gundi, na mu Marekani na Ulaya banamuke bengi njo balifanya hiyo kazi, ju bakubwa balidhani ni sawa kushona, kisha filme ilipopata heshima na feza banaume bakaitaka. Mu 1924 ilitoka masini ya Moviola, ya Iwan Serrurier, njo mukataji akaweza kuona picha inatembea wakati anakata. Video ilipokuya kukata ilikuwa nguvu, hauoni picha ku utepe. Hapa kwetu miaka ya 80 na 90 bapiga filme ya harusi balikuwa na masini mbili, moja inasoma moja inarekodi, na ukitaka kubadirisha kintu katikati unaanza tena kutoka pale mpaka mwisho, na kila kopi inapoteza usafi, kopi ya kopi ya kopi inakuwa sawa unaangalia mu mvua. Njo maana kaseti ya familia mingi inaonekana vibaya, haiko tu ukubwa wa miaka.

Mu 1989, mwaka uleule wa harusi ya yaya, kule Marekani kampani Avid iliuzisha masini yake ya kukata filme mu ordinatere, na mu 1997 Walter Murch alipata Oscar ya montaji kwa filme yenye aliikata vile, mara ya kwanza. Leo binti anatumika na programu ya montaji DaVinci Resolve ya bure mu laptopi moja yenye kifuniko imepasuka. Zamani ile programu ilikuwa ya studio kubwakubwa za kutengeneza rangi ya filme, bei yake nyumba, mpaka kampani ya Australia, Blackmagic, ilipoinunua mu 2009, nyuma yake wakatosha ya bure. Mutoto wa mu Kenya ya Lubumbashi anashika chombo kilekile. Hii inanifurahisha sana, siwezi kuficha.

Yenye nilipenda kupita yote ni vile alikata. Hakutia nyota na mioyo inayozunguka, hakutia muziki juu ya sauti ya batu. Alituuliza kila mutu ni nani, akaandika, akaacha mama mukwe aimbe wimbo wake wote hadi mwisho hata kama kamera ilikuwa inatetemeka. Na saa tatu nzima iko mu fulashi ileile, mu dosie inaitwa "yote bila kukata". Kuko penye alikata tungebishana, alitosha hotuba ya shemeki karibu yote, dakika 11, na shemeki ameuliza sababu. Lakini iko mu ile "yote", anaweza kuiangalia.

Ya tatu, kaye. Papa aliandika kidogokidogo baada ya pansio, kurasa 64, Kiswahili ya hapa iliyochanganywa na Kifaransa, hakuna nukta, hakuna mukato, neno zimeshikana. Muzee alisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti. Kisha akauliza: "Munataka Kiswahili bora, ao munataka papa?" Tuliangaliana. Kaka yangu alitaka Kiswahili bora, alisema bajukuu beko mu Dar es Salaam babaelewe. Tulibishana pale mbele ya kila mutu. Muzee akatuambia jambo lenye sikujua, na nimelihakikisha nyuma: mu 1965 batu benye balitumikaka mu nyumba ya Bazungu balitosha historia ya mji wetu, imepigwa masini, mu Kiswahili ya hapahapa, André Yav njo aliikusanya. Ilipofika mikononi ya Johannes Fabian, mutafiti mwenye alifundisha Amsterdam, kusoma ilikuwa nguvu, ju maneno haikukatwa vile vitabu vinakata. Basi Kalundi Mango, mutu wa huku, akaisoma kwa sauti, na kwa kusikia njo maneno ikajitenga. Ilitoka kitabu 1990, na balichapisha ile ya kwanza vile ilivyokuwa, makosa yake yote, pamoja na ile yenye ilisomwa upya.

Tulifanya vilevile. Ukurasa wa kushoto papa vile aliandika, herufi kwa herufi. Wa kuume ileile imetiwa nukta na mikato na maneno yametenganishwa, lakini Kiswahili ni ya papa, hakuna kugeuza "banaenda" kuwa "wanakwenda". Penye mukono haukusomeka aliweka mabano na vinukta, hakukisia. Kaka alikubali. Kwa bajukuu ba Dar tutaandika maelezo ya maneno magumu nyuma.

Mi mwenyewe nilifanya kazi ya sekretaria miaka ya nyuma, najua mateso ya kusahihisha. Masini ya kuandika, ukikosea mustari wa mwisho unarudia ukurasa. Stensili ya mutihani ya shule (ile karatasi ya kutoshea kopi mingi), ukikosea unapaka ile dawa, unangojea ikauke, unapiga tena, na mara ingine inapasuka. Kisha ile rangi nyeupe ya kufunika kosa, ambayo ilianzishwa na sekretaria mwenzetu, Bette Nesmith Graham wa Dallas, alikuwa anaichanganya jikoni kwake miaka ya 50, na mu 1979 aliuzisha kampani yake dolare milioni 47 na nusu. Hata "kata na bandika" yenye tunafanya ku telefone kila siku, neno lenyewe linatoka ku makasi na gundi ya kweli, baandishi balikatakata karatasi. Larry Tesler na benzake ku kampani Xerox, kule California, njo baliiingiza mu ordinatere katikati ya miaka ya 70. Nimefurahi na hizi zote. Lakini zamani kosa likifunikwa ulikuwa unaona alama nyeupe, unakwangua na kucha, neno la kwanza liko chini. Sasa haionekani kama kuko kintu kilibadirishwa, na kwa barua ya urithi, kwa karatasi ya kiwanja, hiyo ni jambo kubwa. Huyu muzee kila karatasi anakupa mbili, ya kwanza na yenye imesahihishwa.

Mabaya pia niseme. Aliahidi siku nane ikawa kumi na tisa. Umeme unakatika, sawa, kila mutu anajua, lakini hakupiga simu hata mara moja, mi njo nilikuwa nampigia, na misa ilikuwa inakaribia, tumbo iliniuma kweli. Haina risiti mpaka ulombe. Mahali ni padogo, joto, kiti kimoja, mama muzee akifika inabidi mutu asimame. Na foto ya imprimanti yao usiiweke penye jua inapiga, rangi itaenda; tulikuta bora kutoshea ile kubwa mahali pengine na faili yao.

Bei yenye nililipa: foto dolare 12, ile kopi ndogo ya rangi 4. Kaseti kuhamisha 10, montaji 25. Kaye yote 40, ju ya zile kurasa mbilimbili. Jumla 91, tulichanga batoto sita. Ukilinganisha na dolare tatu ya dakika tano utasema ni ghali. Mi nilikwisha kulipa ile tatu.

Kazi ndogo, kama siviyi ao barua ya kulomba kazi, unapata siku ileile, binti anaifanya na anakuuliza maswali mpaka unajisikia uko mbele ya mwalimu. Siku ya Mungu habafungui. Ukipeleka kaseti, peleka na kifuniko chake hata kama kimevunjika, ju mara ingine jina na mwaka viliandikwa pale, na kama uko na mutu muzee nyumbani mwenye anakumbuka sura na rangi ya nguo, mupeleke naye mapema, mama yangu tayari ananiambia tupeleke foto ya wazazi wake wiki ijayo.